Bi Kifutio na Mstatili wa Vyumba Vinne

Wapo watu ambao wakimwona mtu anajaza Sudoku kwa kalamu ya wino humwona shujaa. Bi Kifutio akimwona humhurumia. Yeye kwa miaka kumi na mmoja alijaza kwa penseli iliyochongwa kwa wembe, kifutio kimoja mkono wa kushoto, kingine mfukoni endapo cha kwanza kitaisha. Ndiyo maana pale gazetini walimpa jina hilo, na likamganda hata mlinzi wa getini hakulijua tena lile alilopewa na wazazi wake.

Kazi yake ya mkataba ilikuwa kusahihisha. Gazeti lilitoka kila Jumamosi, kurasa ishirini na nne, na hakuna neno lililopita bila yeye kulikagua. Ujanani alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji akipanga herufi za kadi za mwaliko na mitihani ya shule, na huko ndiko jicho lake lilikopata ukali. Koma ikikaa pasipo pake aliiona kabla hajaketi vizuri. Lakini kazi aliyoipenda, aliyoanza nayo wiki kabla ya chai ya saa nne, ilikuwa kukagua fumbo la Sudoku la ukurasa wa ishirini na mbili.

Fumbo lilitungwa na Mwalimu, mzee aliyefundisha hisabati miaka thelathini kisha akastaafu. Mkewe alikuwa ameshafariki, naye aliishi peke yake ghorofa ya pili, nyuma ya kituo cha mafuta. Kila Jumatatu alileta bahasha mbili kwa mkono wake. Ya kwanza ilikuwa na fumbo. Ya pili, iliyobandikwa gundi, ilikuwa na jibu. Bi Kifutio alilifumbua fumbo mpaka mwisho, ndipo akachana ile ya pili. Yakilingana alipiga muhuri wa NIMEKAGUA na kutia sahihi. Chini ya fumbo gazeti liliandika “Limetungwa kwa mkono”, na wasomaji walijivunia maneno hayo kana kwamba mkono wenyewe ni wao.

Mwalimu ndiye aliyemfundisha Bi Kifutio mchezo wenyewe, na alikuwa na lugha yake. Ule mraba mkubwa ni mtaa wenye nyumba tisa. Kila nyumba ina vyumba tisa. Tarakimu, kuanzia moja hadi tisa, ni wapangaji, na mpangaji hajirudii ndani ya nyumba, wala kwenye mstari unaolala, wala kwenye safu inayosimama. Vyumba vyepesi, alisema Mwalimu, hata aliyeamka vibaya atavijaza. Kazi inaanza pale kila chumba kilichobaki kinapogombewa na wawili au watatu, na hakuna anayetaka kutoka.

Hapo alimwonyesha mapacha: vyumba viwili vya nyumba moja vikigombewa na wawili wale wale tu, basi wawili hao wameshajipatia makao, wafute katika vyumba vingine vyote vya nyumba hiyo. Akamwonyesha bawaba. Chumba cha katikati kina tatu na nane. Upande mmoja kinatazamana, yaani kinakaa nyumba moja, mstari mmoja au safu moja, na chumba chenye tatu na sita, upande wa pili na chenye nane na sita. Katikati akiingia tatu, sita anakwenda upande mmoja; akiingia nane, sita anakwenda upande wa pili. Kwa hiyo chumba chochote kinachotazamana na pande zote mbili, sita hana chake humo. Bi Kifutio alipoielewa bawaba alicheka peke yake ngazi zote mpaka chini.

Hila ya mwisho Mwalimu aliitoa kwa kusitasita. Ilikuwa mstatili: vyumba vinne vilivyokaa kwenye pembe nne, ndani ya nyumba mbili tu. Vyote vinne vikigombewa na nne na saba peke yao, wawili hao wanaweza kubadilishana pembe bila mtu mwingine kusumbuliwa, na fumbo litakuwa na majibu mawili. Fumbo halali lina jibu moja. Basi ukikuta pembe tatu zina nne na saba, na ya nne ina nne, saba na mbili, mweke mbili hapo bila wasiwasi. Mtungaji asingekuachia mtego wa majibu mawili.

“Hii ni njia ya mkato ya msomaji, mwanangu,” Mwalimu alimwambia. “Si yako wewe.”

Aliitikia, na kwa miaka mingi alishika. Msomaji anaruhusiwa kusema kwamba jibu ni moja kwa sababu gazeti limemwahidi hivyo. Mkaguzi ndiye anayetakiwa kuhakikisha kwamba ahadi yenyewe ni ya kweli, kwa hiyo hawezi kuanza kwa kuiamini. Lakini fumbo la Mwalimu lilikuja safi wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, na mtu akizoea unyoofu wa mwenzake huacha kumkagua bila kujua ameacha lini. Ndivyo ilivyomtokea Bi Kifutio, na mimi sitamtetea, maana yeye mwenyewe hakujitetea.

Jumanne moja dada wa mapokezi alimletea sanduku la majibu ya wasomaji. Wasomaji kumi wa kwanza kupatia huchapwa majina yao, na kuna watu wazima kabisa, wenye wajukuu, wanaoligombea jambo hilo kama kiti cha ubunge. Bi Kifutio alianza kuyapanga. Jibu la tatu halikulingana na lake. Akaliweka pembeni kwa huruma. La tano pia. La saba pia, na mengine mengi baada yake. Alipoyaweka yale ya pembeni pamoja, aliona kwamba arobaini kati yake yanafanana. Watu wakikosea, kila mtu hukosea kivyake. Watu arobaini hawawezi kukosea kwa namna moja.

Alichukua moja akalipima mstari kwa mstari, safu kwa safu, nyumba kwa nyumba. Lilikuwa sahihi.  Kufika saa tano mezani pake palikuwa na mafungu matatu, na kila fungu lilikuwa sahihi. Fungu la pili na la tatu yalitofautiana vyumba vinne tu: mstari wa nne na wa sita, safu ya pili na ya nane, nne na saba zimebadilishana pembe. Na katika fungu la kwanza, lile la kwake na la Mwalimu, pembe moja ya mstatili ule ilikuwa na mbili.

Alikumbuka vizuri. Jumatatu ya wiki iliyopita alikwama saa nzima, akauona mstatili, akaweka mbili, na vyumba vyote vikajipa. Alipochana bahasha ya pili, majibu yalilingana. Alipiga muhuri akaenda kunywa chai. Hakuwa amekagua kitu chochote siku ile, alikuwa amemwamini Mwalimu tu, na hilo lilimuuma kuliko kuandika jina la mtu vibaya kwenye ukurasa wa mbele.

Mhariri alikuwa kijana mwenye adabu, na mwenye adabu akikata kauli ni vigumu kugombana naye. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema simu zimeita tangu Jumatatu, wasomaji wanabishana, na kompyuta inaweza kutunga mafumbo elfu moja yasiyo na kasoro kabla yeye hajamaliza sentensi. Kwa maoni yake Mwalimu ashukuriwe kwa barua nzuri, akapumzike.

Bi Kifutio aliwaza kile chumba cha nyuma ya kituo cha mafuta, meza ile moja dirishani, na mzee asiye na sababu nyingine ya kuamka Jumatatu akavaa shati la kola. Akajifunga kibwebwe pale pale mbele ya meza ya bosi wake.

“Kosa ni langu,” alisema. “Andika hivyo gazetini. Kisha nipe fumbo moja la Mwalimu. Nitalikagua mpaka tone la mwisho, na nitakuandikia kila hatua. Ukiona hatua moja nimebahatisha, tufukuze wote wawili.”

Mhariri alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema fumbo lililoletwa jana liwekwe kando, na wiki hii ukurasa wa ishirini na mbili ungewekwa tangazo la magodoro. Fumbo lingetakiwa Alhamisi ya wiki inayofuata, saa sita mchana, likiwa na jibu moja. Likishindikana, mjadala umekwisha.

Jioni hiyo, wakiosha vyombo, alimsimulia mumewe. Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache na viatu vilivyolowa. Alimsikiliza akikausha sufuria, kisha akasema yeye akiitwa kupima bomba lililoungwa na fundi mwingine, haulizi aliyeliunga ni nani. Anafungua maji.

“Hata kama ni fundi aliyekufundisha kazi?” Bi Kifutio aliuliza.

“Huyo ndiye namfungulia maji mengi zaidi, mke wangu. Nikimwonea haya, mwenye nyumba atalala majini.”

Kesho yake alasiri alipanda ngazi za kwa Mwalimu. Mzee alifungua mlango, akamkaribisha kwa furaha, akamuuliza kama bado taa ya ngazini haijatengenezwa. Ilibidi Bi Kifutio amwamkie ndipo mzee akamtambua. Alikuwa amemdhania jirani wa ghorofa ya juu, na alikuwa amesimama hatua moja tu mbele yake.

Bi Kifutio aliingia. Aliomba kuona rasimu ya fumbo lile. Mwalimu aliitoa kwenye jalada, karatasi ya penseli iliyofutwafutwa, na Bi Kifutio akailaza kando ya nakala ya wino iliyoletwa gazetini. Rasimu ilikuwa na namba ishirini na sita za kuanzia, zile anazopewa msomaji. Nakala ilikuwa na ishirini na tano. Katika pembe ya chini ya nyumba ya tisa palikuwa na sita, penseli hafifu, na sita huyo hakuvuka kwenda kwenye wino. Namba moja ndogo, na kwa kukosekana kwake jibu moja lilizaa matatu.

“Nilizihesabu mara mbili,” Mwalimu alisema taratibu. Kisha akakiri. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alikuwa amempangia upasuaji, lakini foleni ilikuwa ya miezi. Alikuwa hajamwambia mtu kwa sababu alijua jambo la kwanza ambalo watu wangemnyang'anya. Aliisukuma ile rasimu mbali naye akamwambia awashauri wenzake gazetini wachukue mafumbo ya kompyuta.

Bi Kifutio aliirudisha mbele ya mzee. Hakuwa amekuja kuaga, alimwambia. Macho ni kazi ya daktari na yatangojewa. Fumbo linatakiwa Jumatatu.

Ijumaa alirudi na mumewe, na mumewe alibeba ubao. Ulikuwa kipande cha mbao nyembamba, kimegawanywa kwa vijiti vilivyogongomewa mpaka vikatoka vyumba themanini na kimoja, na vijiti vya kutenga nyumba vilikuwa vinene zaidi ili kidole kivitambue. Bi Kifutio alikuwa na mfuko wa vifuniko vya soda alivyovikusanya kwenye kantini ya gazeti. Kila kifuniko kilipakwa rangi nyeupe na kuandikwa tarakimu nyeusi, nene, ya kuonekana hata na mtu aliyekasirika. Fundi bomba akaongeza la kwake: pete ndogo za mpira, zile za kuzuia bomba lisivuje. Kila namba ya kuanzia ingevishwa pete, ili Mwalimu azihesabu kwa kidole bila kuhitaji jicho.

Mwalimu alipitisha kiganja juu ya ubao. Kisha aliuliza kama fundi amewahi kufikiria kucheza Sudoku. Fundi alijibu kwamba matatizo aliyonayo yanamtosha.

Jumamosi gazeti lilitoka, na juu ya tangazo la magodoro kulikuwa na kisanduku kidogo: “Fumbo la wiki iliyopita lilikuwa na majibu matatu. Kosa ni la mkaguzi. Nyote mlipatia.” Chini yake yalifuata majina yote mia moja thelathini na tisa, kwa herufi ndogo. Dada wa mapokezi alisema simu zilikoma siku hiyo hiyo. Mtu ukimwambia alipatia, huwa hana tena la kukupigia simu.

Jumatatu bahasha mbili zilikuja. Namba za kuanzia zilikuwa ishirini na nne, na kufika Jumanne jioni Bi Kifutio alijua kwamba Mwalimu hakumwonea huruma hata kidogo. Mapacha walimpa vyumba vitatu, halafu kimya. Jumatano alisahihisha kurasa kumi na nne za gazeti, akarudi kwenye fumbo, akapata kimoja zaidi. Kila chumba kilichobaki alikiandikia wagombea wake kwa namba ndogondogo, akazipitia upya tangu mwanzo, maana mgombea mmoja aliyesahauliwa angemwingiza shimoni.

Alhamisi saa tatu asubuhi aliuona. Mstari wa kwanza na wa tatu, safu ya tano na ya saba. Pembe tatu zina tano na tisa. Pembe ya nne ina tano, tisa na moja.

Mstatili ulikaa pale umemkodolea macho. Moja tu, aweke moja, na fumbo zima lingefunguka. Alikuwa ameshaona kwa pembeni vyumba sita ambavyo vingejaa mara moja. Saa ukutani ilisonga. Mhariri alipita mara mbili akijifanya anatafuta stepla. Mkono wa Bi Kifutio ulinyanyuka na penseli, ukasimama. Maji kwanza, alijiambia. Akachukua kifutio chake, akakilaza juu ya pembe ile ya nne ili asiione kabisa, akahamia upande wa pili wa mtaa.

Alitoa penseli mbili za rangi, buluu na nyekundu, akaanza kumfuata sita. Kila mahali ambapo sita alibakiwa na vyumba viwili tu, kimoja alikitia buluu na cha pili nyekundu, kwa sababu huyu akiwepo yule hayupo. Mnyororo ulikwenda nyumba nne. Mwisho wake alikuta chumba kinachotazamana na buluu huku na nyekundu kule. Moja ya rangi hizo lazima iwe kweli, kwa hiyo sita hawezi kukaa hapo kwa vyovyote. Akamfuta. Kikabaki na wagombea wawili, tatu na nane, na Bi Kifutio akaganda, kwa sababu aliijua sura hiyo. Ilikuwa bawaba: huku tatu na sita, kule nane na sita. Alimfuta sita katika chumba cha mstari wa kwanza kilichotazamana na pande zote mbili, akabaki humo tano peke yake. Tano alipoketi hapo, tano wengine wote wa mstari ule wakafutika, pamoja na yule aliyekuwa chini ya kifutio. Pembe ya pili ya mstari huo ikabaki na tisa peke yake, na tisa naye akafutika chini ya kifutio.

Saa tano na nusu aliondoa kifutio. Ndani ya chumba kile alikuwa amebaki mmoja tu. Ni yule yule ambaye mkato ungemweka saa tatu asubuhi, ila sasa amefika hapo bila imani ya kuazima.

Saa sita kasoro dakika kumi alichana bahasha ya pili, akalinganisha, kisha akapeleka karatasi zote kwa Mhariri, pamoja na kurasa tano za hatua. Mhariri alizisoma kweli, hilo lazima tumpe haki yake. Halafu akaingiza fumbo kwenye kompyuta, na kompyuta ikasema jibu ni moja kabla hajaondoa kidole.

“Sasa mama, niambie,” alisema, bila ubaya. “Kama mashine inajua, kwa nini nisiitumie kila wiki?”

“Itumie, mwanangu. Itakwambia jibu ni moja. Lakini iulize kama fundi viatu mwenye penseli, akingoja wateja, anaweza kulifikia jibu hilo bila kubahatisha. Hizo kurasa tano ndizo jibu lake.”

Mhariri alizitazama tena kurasa tano. Akasema tangazo la magodoro litahamia ukurasa wa ishirini na tatu.

Alasiri Bi Kifutio alipanda ngazi mbilimbili, na kwa umri wake hilo si jambo dogo. Mwalimu alikuwa mezani, ubao mbele yake, na hakuuliza kama fumbo limekubaliwa. Aliuliza jambo lingine.

“Ule mstatili wa juu uliuona?”

“Niliuona.”

“Ukafanyaje?”

“Niliufunika kwa kifutio, nikazunguka.”

“Kwa nini? Ungekupa jibu lile lile.”

Bi Kifutio alitamani apate namna laini ya kulisema, akaikosa.

“Kwa sababu sikukuamini, Mwalimu.”

 Mikono ya mzee ilikuwa imetulia juu ya vifuniko. 

“Niliuweka makusudi. Siku tatu nilihangaika mpaka ukakaa sawa. Nilijua huwezi kunidanganya nikikuuliza. Ungeniambia umepita pale kwa mkato, leo ungeondoka na huu ubao wako.” Akavuta pumzi. “Kwa macho haya siwezi kumtungia mtu anayeniamini.”

Kisha akauvuta ubao karibu, ambao tayari ulikuwa na fumbo la wiki ijayo, akamwonyesha kiti cha pili. Aliweka kidole juu ya pete ya kwanza ya mpira.

“Moja,” alisema.

Bi Kifutio aliinama, akakitazama kifuniko kwa macho yake mwenyewe, ndipo akasema, “Moja.” Wakaenda kwenye pete ya pili.